Kiraka

Kipya kinyemi, walisema, ingawa kidonda.
Jana usiku gemu ilijitia kiraka:
gigabaiti kumi na moja, bando langu la wiki nzima,
nikakesha nikitazama mstari wa kijani ukitambaa
kama kibarua anayelipwa kwa siku.

Asubuhi nikabofya.
Skrini ikawa nyeusi, feni ikavuta pumzi,
halafu, puu, nikarudishwa nilikotoka:
ikoni zangu, saa ukingoni, chai inapoa.
Hakuna kosa lililotajwa. Hakuna samahani.
Kama mtu aliyebisha hodi, ukafungua, hayupo.

Wameziba ufa, wakabomoa ukuta.

Pipeline, ghorofa ya sita, Jumapili.
Jua la hapa huja kwa zamu,
dakika ishirini kati ya jengo letu na la jirani,
na leo limenikuta chini ya meza,
mimi, mhasibu wa duka la mabati,
nimeng'ata simu, tochi inamulika nyaya.

Nilizima, nikawasha. Hiyo ndiyo Panadol ya mashine.
Nikaiamuru gemu kwa jina la msimamizi,
kana kwamba mimi ndimi landilodi.
Nikaipekua antivairasi, huenda imekamata asiye na hatia.
Nikampigia Munyao, fundi wa Luthuli aliyeniuzia kompyuta hii.
"Ni dreva, madam. Futa, weka tena."
Dreva gani, nami hata gari sina?
Nyuma yake mtu alikuwa akipima spika, moja mbili, moja mbili.
Nikafuta. Nikaweka. Weusi uleule.
Nikakagua faili zote, elfu nne mia sita na tatu:
nzima. Zote nzima.
Heri hata moja ingekuwa imeoza.

Kwenye mita zimebaki yuniti tatu nukta mbili.

Saa nane nikafungua kumbukumbu za gemu yenyewe,
lile faili la maandishi lisilosomwa na mtu,
mistari mia tatu ya mashine ikijisemea:
nimeona kadi, nimeona sauti, nimeona kibodi,
nimeona padi ya kwanza,
nimeona padi ya pi

Hapo ndipo iliposhikwa na kwikwi.

Padi ya pili.
Imechomekwa nyuma tangu Februari.
Ni ya Simiyu; yaani niliinunua mimi, lakini ni yake,
mtoto wa mlango wa kumi na nne, miaka tisa,
aliyekuja saa kumi na mandazi mkononi
hadi kitufe cha duara kikaanza kunata.
Mimi nilijenga ukuta, yeye akachimba kisima.
Akafuga punda kumi na wawili, bila sababu.
"Wanapendana," alisema, nilipouliza za nini.
Kodi ilipopanda, mama yake alipakia godoro
kwenye pikapu kabla watu hawajaamka.
Nilisikia kishindo ngazini. Nilidhani ni wauza maji.

Nikaichomoa.

Nikabofya, nikageukia dirisha
nisiione tena ile skrini ikinidharau.
Muziki.
Kijiji chetu kikafunguka, mvua inanyesha,
punda wamejibanza chini ya bati nililowaezekea,
na juu yao, kwa herufi nyeupe:
Mchezaji wa Pili hajapatikana.
Uendelee? Ndiyo. Hapana.

Mita ikaanza kulia.
Nilikaa na padi mapajani,
nikalamba kidole, nikasugua kitufe. Bado kinanata.
Watatoa kiraka kingine, nawajua, watu hawa hawalali,
na siku hiyo huenda ikamtambua tena.
Nikaizungushia waya wake, nikaiweka juu ya kabati,
mahali pasipofika vumbi,
kama pahali hapo papo Pipeline.

Kisha nikabofya Ndiyo.
Punda hawajala tangu Februari.